Uzi wa Mafundo Manne

Kabla mji haujaanza kunong'ona kwamba Mkubwa anaumwa, meza ya kupigia pasi ilikuwa imeshajua. Ilijua kabla ya redio za nje, na kabla ya mawaziri wenyewe, maana mawaziri walimwona Mkubwa amekaa nyuma ya meza, na mtu aliyekaa nyuma ya meza huficha nusu ya mwili wake. Koti halifichi kitu. Koti likilazwa chali juu ya blanketi, chini ya taa, linasema yote. Aliyekuwa akilisikiliza ni mtu mmoja, mpiga pasi wa karakana ya Fundi Mkuu, ambaye watu wote walimwita Pasi, hata mama yake mzazi alipokuwa hana hasira naye.

Karakana yenyewe leo haipo. Pale pamejaa vioo na simu, na kijana wa mlangoni hukuuliza unataka nini kabla hujafuta miguu. Lakini Pasi akifumba macho anapanda zile ngazi kumi na nne bila kushika ukuta. Ya tisa ilikuwa imelegea. Juu kulikuwa na vyumba viwili, cherehani saba, meza ndefu ya kukatia iliyochimbwa na mikasi ya miaka mingi, na dirisha moja kubwa ambalo Fundi Mkuu hakuruhusu liwekewe pazia. Harufu ilikuwa ya mkaa na sufu mbichi ya mvuke. Mtu akikuambia harufu ya ujana wake ni maua, mwache na maua yake. Ya Pasi ilikuwa sufu iliyolowa.

Kusoma alijifunzia humo. Shule aliiacha darasa la tatu baba alipokufa, na hakuna serikali iliyokuja kuuliza kaishia wapi. Lakini ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za vipimo vya wateja, kila mteja na mafungu yake, mgongo, kifua, mikono, zote zimekatwa kwenye magazeti ya zamani. Chuma kikiwa motoni kinangoja kukolea, yeye alisoma ukuta. Alisoma bajeti kwenye mkono wa jaji. Alisoma ajali ya treni kwenye mgongo wa daktari wa meno. Mkasi ulikuwa umekata habari zote katikati, kwa hiyo miisho alijitungia mwenyewe, na ndiyo sababu mpaka leo akipewa habari iliyokamilika, yenye kichwa na mkia, huiangalia kama koti la mtumba, anatafuta palipobanduliwa.

Mafungu ya Mkubwa yalikuwa peke yao, nyuma ya mlango, kwenye msumari wa shaba. Mgongo wake ulikatwa kwenye gazeti la siku alipoapishwa. Fundi Mkuu ndiye aliyemshonea miaka kumi na tisa, tangu Mkubwa akiwa mtu wa kawaida mwenye suti moja.

Sasa vita vilikuwa mwaka wa tatu, ng'ambo ya mto wa mpakani, na Mkubwa alikuwa hajaonekana siku arobaini. Redio ilisema yuko kazini. Magazeti yalitoa picha zake, na kila mwenye macho aliona kwamba mti uliokuwa nyuma yake ulikatwa mwaka uliopita. Basi mji ukawa hauna kazi nyingine. Foleni ya mafuta ya taa, msibani, kwa kinyozi, watu walimuua na kumfufua.

Habari hizo zilifika karakanani saa kumi, wakati wa chai, zikipandishwa na mdogo wake Pasi. Huyu alikuwa fundi redio, kibanda chake kikiwa palepale chini ya ngazi, na watu walimwita Stesheni. Umri wake miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake.

"Leo amekufa mara ngapi?" aliuliza Mama Vifungo. Huyu ndiye aliyeshona matundu ya vifungo kwa mkono, na ulimi wake ulitoboa kuliko sindano yake.

"Mara mbili tu, shangazi. Asubuhi moyo, mchana figo."

"Na jioni?"

"Jioni kapata nafuu. Yuko mstari wa mbele, anavuta sigara na askari."

"Ana bahati. Marehemu mume wangu alikufa mara moja akatosheka."

Hata Fundi Mkuu alicheka, na yeye kicheko chake kilikuwa cha mabega tu, mdomo ukiwa umebana pini. Kisha akazitoa pini, akasema lile ambalo alilisema kila mara: "Mwili wa mteja haushuki ngazi hizi." Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Kila aliyeingia kufanya kazi pale aliapishwa kwayo, mkono juu ya mkasi mkubwa. Nani ana kibiongo, nani kavaa mkanda wa kubana tumbo, nani mguu mmoja mfupi, yote yaliishia kwenye ngazi ya kumi na nne.

"Kaka," Stesheni alimgeukia Pasi akiinua mguu wake, "na hii suruali lini utaiondolea reli?"

Suruali yake ya kaki ilikuwa na historia. Pasi alipokuwa bado anajifunza aliipiga mistari miwili mguu wa kulia, sambamba, kama reli, na mstari ukichomwa vibaya hautoki kwa sabuni wala kwa toba. Kwa mpiga pasi hiyo ni aibu ya kuzikwa nayo. Stesheni alikataa kuitupa. Aliivaa makusudi, na kila mteja aliyepanda ngazi alionyeshwa kazi ya kaka.

Siku zile, Mungu wangu. Walikuwa hawana kitu, na walikuwa na kila kitu.

Pasi alicheka na wenzake, lakini kicheko chake kilikuwa na kokwa ndani. Koti likipunguzwa, mshono wa zamani huacha mstari kwenye kitambaa, na kazi ya mpiga pasi ni kuufuta: kitambaa kibichi juu, chuma cha moto, mvuke, subira. Koti la kijivu la Mkubwa, lile la kwenye picha na stempu, lilikuwa limekuja mara nne mwaka ule, likiletwa na dereva wa Ikulu ndani ya mfuko wa turubai. Mara ya kwanza inchi moja na nusu. Mara ya pili mbili. Pasi alikuwa amefuta mistari minne. Kifuani pekee zilikuwa zimekwenda inchi saba. Hajawahi kumgusa Mkubwa, lakini alimjua bega la kulia lililoshuka kidogo, na kiwiko cha kushoto kilichochakaa upesi kwa kuegemea. Sasa lile bega lilikuwa linaanguka. Mtu mzima alikuwa akimwishia mkononi, inchi kwa inchi, na nje redio ikisema yuko kazini.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho redio ikatangaza kwamba Jumamosi Mkubwa mwenyewe, kwa miguu yake, atakuwa uwanja wa mpira kuliaga kundi jipya la vijana wanaokwenda mpakani. Na Jumanne karatasi ya wito ikafika nyumbani kwao. Jina lililoandikwa lilikuwa la Stesheni.

Mama yao alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Alikunja shuka lile lile mara tatu.

"Mjomba ana lori la chumvi," alisema, bila kumtazama mtu. "Jumamosi saa nane linaondoka. Juu ya magunia wanakaa watu wawili, hakuna anayewaona."

"Nimesikia, mama," Stesheni alijibu. "Lakini kwanza nataka kumwona."

"Kumwona nani?"

"Mkubwa." Akamgeukia kaka yake. "Mimi sauti siiamini. Sauti ni mkanda. Juzi kahutubia, nyuma yake feni inalia kwi, kwi, na ile feni mimi naijua, ililia hivyohivyo kwenye hotuba ya mwaka juzi. Wanamrudia. Lakini mwili hauna mkanda, kaka. Nikimwona amesimama, mzima, mimi nakwenda. Kama mzee mwenye umri ule anabeba vita miaka mitatu, mimi nani nilale juu ya chumvi? Na kama kaisha, basi hivi ni vita vya majenerali, na majenerali watapatana wenyewe juu ya chai. Sitakufa nikingoja chai yao ipoe."

Mama alitoka. Pasi akavuta kiti karibu. Alikuwa na miaka tisa ya kiapo mdomoni, na akaivunja yote kwa sentensi moja.

"Amekwisha. Nimelishika koti lake. Limepungua inchi saba."

Stesheni alimsogelea. "Fundi anajua umeniambia?"

"Hajui."

"Basi umevunja kiapo kwa ajili yangu."

"Nimevunja."

"Au umetunga, kwa ajili yangu." Akampiga bega. "Usinikasirikie. Ningekuwa wewe na mimi ningetunga. Jumamosi tutaona kwa macho. Kama ni inchi saba, itaonekana mpaka goli la pili."

Na kweli ingeonekana. Pasi alilala akiwa mwepesi. Inchi saba haziwezi kufichwa mbele ya watu elfu thelathini, alijiambia, na Jumamosi saa nane mdogo wake atakuwa juu ya magunia. Wito uliwataka vijana wakusanyike tangu Alhamisi katika shule ya ufundi, wapimwe afya na kunyolewa, lakini Jumamosi uwanjani wangepewa saa moja ya kuagana na ndugu. Kila mtu alijua ile saa moja ina milango mingi.

Alhamisi mchana dereva wa Ikulu alipanda ngazi na mfuko wa turubai. Hakuleta karatasi. Aliingiza mkono katika soksi yake, akatoa uzi mweupe, kama wa kufungia vifurushi, wenye mafundo manne. Hakuna aliyethubutu kuandika vipimo vile.

"Hapa mpaka hapa bega," alisema, akionyesha. "Hapa kifua. Hapa tumbo. Hili la mwisho shingo. Wamesema Jumamosi awe kama zamani."

"Kama zamani lini?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Kama kwenye stempu."

Wale waliotuma uzi ule wengine walikufa kwa uzee, vitandani mwao. Mmoja ana mtaa wenye jina lake. Pasi hupita mtaa mwingine, hata kama ni mbali.

Fundi Mkuu alinyoosha uzi juu ya mgongo wa gazeti la kuapishwa. Mama Vifungo alikuja kutazama, akashika mdomo. Mwili uliobaki ulikuwa ndani ya mwili wa karatasi kama mtoto aliyevaa koti la babake.

"Huyu si wa kushonewa," Mama Vifungo alisema polepole. "Huyu ni wa kulazwa."

"Shona matundu," Fundi akamjibu, bila ukali.

Na hapo, lazima isemwe, ikaanza kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa katika vyumba vile. Fundi Mkuu alikuwa na miaka sabini, na alifanya kazi kama aliyeanza kupendwa. Koti lilirudishwa upana wake wa zamani. Ndani yake akajenga mwili: pamba iliyochambuliwa nyembamba kama ukungu, tabaka juu ya tabaka, ikashikizwa kwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kwenye kitambaa kigumu, nene begani, ikipungua kwapani ili mkono upite, na tumboni akaacha ule mzunguko mdogo wa mtu aliyekula vizuri na kulala vizuri. Bega la kulia alilishusha kidogo, kama lilivyokuwa. Ndani ya kola aliweka kamba laini ili shingo isionekane inaogelea. Halafu akamwambia dereva, aliyepita Ijumaa asubuhi kupata maelekezo: mkono usipande juu ya bega. Ukipanda, kola itainuka, na kila kitu kitajulikana.

Ijumaa saa sita koti lilikuwa limebakiza pasi. Fundi Mkuu akalitundika kwenye meza ya Pasi, akavaa kofia.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike," alimwambia Mama Vifungo. Kisha kwa Pasi: "Utamalizia wewe. Dereva anakuja saa kumi. Mimi nakwenda kutafuta nyuzi."

Nyuzi zilikuwa zimejaa kabati. Na tangu karakana iwe karakana, koti la Mkubwa halijawahi kubaki na mtu mwingine bila Fundi kuwepo. Pasi alisikia mlango ukifungwa kwa nje, ufunguo ukizunguka mara mbili, na ngazi ya tisa ikilia.

Akabaki yeye na koti.

Pamba ina siri moja. Ukiigusa kwa mvuke mwepesi inavimba, inaamka. Ukiilowesha ukaikandamiza kwa chuma cha moto, inalala, na ikilala haiamki tena. Dakika kumi tu za kitambaa kilicholowa na mkono mzito, na mwili ule wote aliojenga mzee ungekuwa andazi lililokaliwa. Kwa nje kasoro isingeonekana mpaka mtu alivae. Jumamosi Mkubwa angesimama mbele ya watu koti likimning'inia kama limetundikwa kwenye ufagio, na popote alipo uwanjani, Stesheni angeona.

Pasi aliyafikiria hayo yote kwa utulivu. Watu wakimsimulia mambo ya ushujaa na woga yeye huwakatiza, maana anajua alichokuwa nacho siku ile hakikuwa woga. Alijua wanaweza kumpeleka asikorudi. Alikubali. Alipepea mkaa mpaka ukawa mwekundu. Alilowesha kitambaa, akakikamua nusu tu, kikabaki kizito. Akakilaza juu ya bega la kulia. Akainua chuma.

Na mkono ukafanya kazi yake.

Hakuuamuru. Uliinua kitambaa, ukakikamua vizuri, ukakirudisha. Uliingiza mto wa maranda ndani ya bega kama ulivyofundishwa. Ukagusa, ukaachia, ukagusa, ukaachia, na pamba ikaamka chini yake kama mkate. Pasi aliutazama mkono wake kama anavyotazama mtu mnyama wa jirani. Alijiambia, bega hili liache, utaharibu tumbo. Tumbo likatoka mviringo, halina kunyanzi hata moja. Alijiambia, basi mgongo. Mgongo ukalala kama maji kwenye beseni.

Chini ya kwapa la kushoto aliona kitu. Bitana ilikuwa haijafungwa. Palikuwa na uwazi wa vidole vinne, bandi tupu, mahali ambapo mkono mzima ungeweza kuingia ukachota pamba. Mzee kachoka, aliwaza, macho yamemwishia nguvu. Akachukua sindano, na yeye hakuwa mshonaji, akaufunga ule uwazi kwa mishono midogo sana, safi, akaipiga pasi isionekane.

Saa kumi dereva alikuja, na Fundi Mkuu nyuma yake, mikono mitupu. Mzee alilishika koti, akapeleka vidole vyake moja kwa moja chini ya kwapa la kushoto. Vikasimama pale. Alimtazama Pasi kwa muda.

"Vizuri," alisema. Akaenda kukaa dirishani.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Pasi na mama walimpata Stesheni karibu na goli, kichwa kimenyolewa, masikio yametoka, na mama akacheka na kulia kwa pamoja kwa sababu alirudi kuwa na sura ya utotoni. Nje, upande mmoja, malori ya jeshi yalikuwa yananguruma. Upande wa pili, nyuma ya vyoo, mjomba alikuwa ameegesha lori la chumvi.

"Hajaja bado?" Pasi aliuliza.

"Watu wanasema hatakuja. Jamaa nyuma yangu kaweka dau saa yake ya mkononi kwamba tutaletewa picha."

Pasi alimshika mkono. "Nisikilize. Akija, usiamini utakachokiona. Ni pamba. Tumemjaza pamba. Nimelipiga pasi mwenyewe jana."

Stesheni alimwangalia kwa upendo, na hilo ndilo Pasi hawezi kulisahau, hakuwa na dharau hata chembe. "Kaka. Jumanne kakonda inchi saba. Leo kavaa pamba. Kesho utaniambia ni sanamu ya mbao."

Kabla hajajibu, watu elfu thelathini walinyamaza, halafu wakapiga kelele moja.

Alikuwa amesimama jukwaani. Koti la kijivu lilikuwa limemjaa, kifua kipana, tumbo la mtu mwenye amani, bega la kulia limeshuka kidogo kama wanavyolijua wote. Kofia ilifunika uso nusu. Hakusema neno. Alisimama dakika kumi na mbili. Halafu akaanza kuinua mkono, na Pasi akasahau vita, akasahau lori la chumvi, akasahau ni nani kasimama ubavuni mwake. Alikuwa anaitazama kola. Mkono ukapanda, ukafika usawa wa bega, ukasimama pale. Kola haikuinuka. Haikutikisika. Na Pasi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Alipogeuka, Stesheni alikuwa anamtazama yeye, si jukwaa.

"Umeona," Stesheni alisema. "Hata wewe umefurahi."

Alimkumbatia mama. Alimwambia kaka yake kwamba suruali ya reli ameiacha msumarini, ngazini, aitunze mpaka arudi, na asithubutu kuinyoosha. Kisha akaenda upande wa malori ya jeshi, akichechemea kidogo kila hatua tano ili kuchekesha, mpaka vichwa vilivyonyolewa vikafanana vyote.

Mkubwa alikufa wiki sita baadaye. Walikaa naye siku tisa ndani ya jumba kabla ya kutangaza, na siku zile tisa redio iliendelea kusema yuko kazini. Miezi minne baada ya mazishi majenerali walipatana, mezani, na kwenye picha vikombe vinaonekana. Stesheni alikuwa ameuawa katika wiki ya tano, ng'ambo ya mto, Mkubwa akiwa bado hai kwa siku chache, akiwa hajitambui. Barua iliandikwa kwa mashine, na pengo la jina lilijazwa kwa kalamu.

Miaka ikaenda. Karakana ilikonda, kama alivyokonda mwenye koti. Nguo za dukani zikaja, cherehani zikauzwa moja moja, Mama Vifungo akafa mara moja akatosheka. Pasi aliendelea kupiga pasi, na kusoma, na kusema. Alisimama kwenye mikutano ya watu ishirini na ya watu elfu mbili, akasema habari ya koti, akafungwa mara mbili kwa kusema. Lakini hajawahi kusema mahali popote habari ya Ijumaa ile saa sita. Hilo alimwambia mtu mmoja tu.

Fundi Mkuu alikuwa amebakia chumba cha uani kwa binti yake, macho yamefunikwa na utando, mikono juu ya shuka ikitafuta pindo. Pasi alikwenda kumwona alasiri moja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Walizungumza ya zamani. Walipanda zile ngazi pamoja, wakaruka ya tisa. Walirudia utani wote wa Mama Vifungo. Kisha Pasi akasema, bila kupanga, "Mzee, ile Ijumaa nilitaka kuliharibu. Nililowesha kitambaa. Mkono ukanikatalia."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti yake.

"Nilikuacha na mlango umefungwa," alisema. "Nyuzi nilikuwa nazo. Ulidhani nimekwenda wapi? Nilikaa kwa kinyozi, nangoja." Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea kwenye pindo. "Mimi nilijaribu usiku wa kuamkia siku ile. Nilitaka kukosea hata bega moja. Sikuweza, mwanangu. Miaka hamsini, sikujua koti baya linashonwaje. Nikaona nikuachie mlango wa vidole vinne, wewe uingie. Ulikuwa na mdogo wako. Nikasema, huyu ana sababu, huyu ataweza. Ningesema ni macho yangu, uzee."

"Niliufunga," Pasi alisema.

"Najua. Niliupapasa." Akatafuta mkono wa Pasi, akaushika, akaugeuza kiganja juu kama anayekagua kitambaa. "Mishono mizuri sana. Nilitaka kukupiga, na nilitaka kukuvika kofia yangu."

Pasi alimnyooshea kola ya pajama, akamwambia kwaheri.

Nyumbani alishusha suruali ya kaki kutoka kabatini. Ile reli ilikuwa imeanza kufifia kwa miaka, mstari wa pili ukiwa kivuli tu, na alitaka kuirudisha kabla haijapotea kabisa, iwe vilevile alivyoiacha mdogo wake. Siku hizi ana pasi ya umeme. Aliilaza suruali mezani, akaupima mguu wa kulia, akaweka chuma nusu inchi pembeni mwa mstari, makusudi, akakandamiza, na mkono ukafanya kazi yake.

Alipoinua, mstari ulikuwa mmoja, umenyooka.